Historia ya Motisha ya Mwanafunzi wa Kiswahili: Mfano wa Kikopey na Jirani Zake

Katika mikutano ya walimu wa Kiswahili nchini Kenya hakukosekani mtu wa kusimama akasema kwamba wanafunzi hawana hamu ya somo hili. Wasikilizaji hutikisa vichwa kukubali, kisha mjadala huhamia kwenye dawa: michezo darasani, zawadi, ziara za pwani, mashindano ya mashairi. Sina ugomvi na dawa hizo. Lakini tabibu hatoi dawa kabla ya kuuliza maradhi yalianza lini, na swali hilo la "lini" ndilo ambalo wataalamu wa ufundishaji wa lugha ya pili hulipita haraka. Hamu huzungumzwa kana kwamba imo kichwani mwa mtoto mmoja mmoja, naye ama amejaliwa nayo ama amenyimwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hamu hiyo, au motisha kama inavyoitwa katika vitabu vya ualimu, ina historia katika ardhi, katika kazi na katika sheria, na kwamba mahali padogo pamoja panatosha kuidhihirisha.

Mahali tulipopachagua ni Kikopey, kituo cha barabarani baina ya mji wa Gilgil na Ziwa Elmenteita, kwenye barabara kuu ya Nairobi hadi Nakuru. Wasafiri wanapajua kwa nyama ya kuchoma. Jina lenyewe ni la Kimaasai, na katika ramani na vitabu vya enzi ya ukoloni limeandikwa Kekopey. Huenda wasemaji wa lugha za Kibantu waliohamia hapo baadaye walisikia ndani yake kiambishi *ki-* na kulivisha jina vazi walilolizoea. Hilo nawaachia wanafonolojia. Watu wa hapo na wa Gilgil husema Kikuyu, Kimaasai, Kiturkana, lugha za Kikalenjin, Kiluo na Kiluhya, mbali na lugha walizokuja nazo askari, kwa kuwa Gilgil ni mji wa kambi za jeshi tangu ukoloni. Kwa mtoto wa hapo Kiswahili ni lugha ya pili na Kiingereza ni ya tatu. Na katika nyumba ambamo mama na baba hawakutoka kabila moja, huweza kuwa ndiyo ya kwanza. Hakuna mtoto wa Kikopey asiyesikia Kiswahili kila siku. Ndiyo maana lalamiko la kukosa hamu linapotolewa hapo linashangaza zaidi kuliko linapotolewa mahali ambapo Kiswahili hakisikiki ila darasani.

Nadharia inayotajwa mara nyingi katika jambo hili ni ya Robert Gardner na Wallace Lambert, waliofanya uchunguzi wao wa kwanza mjini Montreal, Kanada, na kuuchapisha mwaka 1959, kisha wakatoa kitabu mwaka 1972. Walitofautisha motisha ya aina mbili. Kuna mtu anayejifunza lugha kwa kuwa itamfaa: atapata kazi, cheo au maksi. Na kuna anayejifunza kwa kuwa anataka kuwakaribia wenye lugha hiyo, awaelewe, hata ahesabiwe miongoni mwao. Tuziite motisha ya manufaa na motisha ya ujamaa, ijapokuwa neno hili la pili lina uzito wa kisiasa kwetu Afrika Mashariki. Wanafunzi wa Montreal walikuwa na Wafaransa wa Kanada mbele ya macho yao. Mwanafunzi wa Bonde la Ufa anaposoma Kiswahili, wenye lugha anaopaswa kuwakaribia ni nani? Waswahili wa Lamu na Mombasa wako mbali, na wengi wa watoto hawa hawajaiona bahari. Jibu lilibadilika mara kadhaa katika muda wa miaka mia na zaidi, na kila lilipobadilika, hamu nayo ilibadilika.

Kiswahili kilipita hapa kwanza kwa miguu. Misafara ya wafanyabiashara wa pembe kutoka Pangani na Mombasa ilifuata njia ya maziwa ya Bonde la Ufa hadi Baringo, na Joseph Thomson alipoivuka nchi ya Wamaasai mwaka 1883 na 1884 alifuatana na wapagazi wa pwani na kuutegemea msaada wa mfanyabiashara wa Pangani, Jumbe Kimameta. Katika wakati huo aliyejifunza Kiswahili alijifunza bila mwalimu wala kitabu, kwa sababu ya shanga, nguo na chakula. Kisha ikaja reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nakuru mwaka 1900 na ziwani Victoria mwishoni mwa 1901. Mwaka 1904 Wamaasai walitiwa katika mapatano yaliyowaondoa katika bonde hili, na nchi ya malisho waliyoiacha ikagawiwa walowezi. Soysambu ilikuwa ya Lord Delamere. Kekopey ikawa ya shemeji yake, Galbraith Cole.

Hapo ndipo inapoanza sehemu ya historia hii ambayo, kwa maoni yangu, haijapewa uzito unaostahili na wanaoandika juu ya mbinu za kufundishia. Mashamba ya walowezi yalihitaji watu wa kazi, nao walitoka pande nyingi: Wakikuyu wengi, lakini pia Waluo, Waluhya, Wakipsigis, Waturkana na wengineo. Mlowezi hakuweza kujifunza lugha zote hizo, wala hakutaka watumishi wake wajifunze lugha yake. Alichotumia ni kile kilichokuja kuitwa Kisetla: Kiswahili kilichovuliwa upatanisho wa ngeli, chenye vitenzi vichache, na karibu kila kitenzi kikiwa katika hali ya amri. *Kuja hapa. Leta maji moto. Toa hii.* Katika miaka ya 1930 F. H. Le Breton aliwaandikia walowezi kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara, nacho kilichapishwa tena na tena.

Mwanaisimu akikitazama Kisetla huona lugha iliyorahisishwa, na huishia hapo. Lakini tukitazame kwa upande wa aliyeamriwa. Kwa mtu aliyezaliwa Kekopey au Soysambu katika miaka ya 1920, Kiswahili kilikuwa lugha ya nyapara, ya kipande na ya boma la polisi. Alikijua kwa kuwa asingeweza kutokijua. Walowezi wengi walichukia kusemeshwa Kiingereza na Mwafrika. Waliona ni ufidhuli, wakamjibu kwa Kiswahili chao ili kumrudisha mahali pake. Hivyo lugha ambayo kwa Mswahili wa Mvita ilikuwa lugha ya tenzi na ya adabu, huku bara iligeuzwa kuwa ukuta. Na mtu akijengewa ukuta, hamu yake hukimbilia upande wa pili.

Upande huo wa pili ulikuwa Kiingereza. Baada ya mgogoro wa mwaka 1929 baina ya makanisa na Wakikuyu juu ya tohara ya wanawake, shule za kujitegemea zilianzishwa katika nchi ya Wakikuyu, na maskwota wa Bonde la Ufa wakafuata mfano huo katika mashamba walimoishi. Tabitha Kanogo ameeleza katika kitabu chake juu ya maskwota, kilichotoka mwaka 1987, jinsi elimu ilivyokuwa sehemu ya madai yao. Shule hizi zilijengwa kwa michango ya watu waliokuwa na mishahara midogo mno, na walichokidai kwa mwalimu ni Kiingereza, mapema iwezekanavyo. Mtu asiseme kwamba wazazi hao walikuwa vibaraka wa utamaduni wa kigeni. Walikuwa wamekwisha kutambua kwamba sheria ya ardhi iliandikwa kwa Kiingereza. Serikali ilizifunga shule hizo wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952, lakini hamu haikufungwa pamoja nazo.

Kwa bahati mbaya, wakati huohuo mamlaka ya elimu nayo yalikuwa yakikitupa Kiswahili kwa sababu nyingine. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930 ilikuwa imekisanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, na kwa muda shule nyingi za Kenya zilimwanzisha mtoto kwa lugha ya mama, zikamvusha kwenye Kiswahili, kisha Kiingereza. Ujumbe wa Binns wa 1952 ulipendekeza Kiswahili kiondolewe shuleni ila mahali ambapo ni lugha ya kwanza. Miaka mitano baadaye ukaanza mpango wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, ambao katika miaka ya 1960 ulienea nchini kwa kasi. Kwa hiyo Kenya ilipojitawala mwaka 1963, mzazi aliyedhulumiwa kwa Kisetla na mkoloni aliyemdhulumu walikuwa wamefika penye uamuzi mmoja, kila mmoja kwa njia yake.

Tume ya Ominde ya 1964 iliona hatari hiyo. Ilikubali Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, ikapendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi. Mwaka 1974 Mzee Jomo Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumike Bungeni, na mwaka 1976 Kamati ya Gachathi ilisisitiza tena kwamba Kiswahili kifundishwe na kutahiniwa. Mapendekezo yalikuwa mema. Lakini mtihani wa CPE, uliomfungia au kumfungulia mtoto mlango wa sekondari, ulikuwa na Kiingereza, hesabu na karatasi ya maarifa ya jumla, Kiswahili hakikuwamo. Kipindi kilikuwapo kwenye ratiba, na mwaka wa mtihani ulipofika mwalimu mwenye busara ya dunia alikitumia kwa hesabu. Nani angemlaumu? Wanafunzi wa miaka hiyo walikuwa wakitenda sawasawa na walivyoelekezwa na mtihani.

Wenzetu jirani walitofautiana nasi. Tanzania ilipoifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia masomo yote ya shule za msingi mwaka 1967, mtoto wa Kisukuma au wa Kihaya hakuulizwa kama ana hamu ya somo la Kiswahili, maana bila Kiswahili hapakuwa na somo lolote. Uganda ilikuwa kinyume: pendekezo la Gavana Gowers la mwaka 1927 la kukipa Kiswahili nafasi kubwa lilipingwa na Kabaka Daudi Chwa, na baadaye lugha ikabaki mdomoni mwa askari na polisi kwa muda mrefu, jambo ambalo lilizidi kuitia doa. Kenya haikuchukua njia ya Dar es Salaam wala ya Mengo. Ilikiheshimu Kiswahili jukwaani na kukisahau darasani.

Turudi Kekopey. Katika miaka ya 1970 shamba hilo liliuzwa kwa ushirika wa wakulima, likagawanywa vipande. Walionunua wengi walikuwa Wakikuyu. Baada yao wakaja wachuuzi, madereva, wachomaji nyama na wafugaji waliokuwa wakileta mbuzi. Tangu mwaka 1972 mtafiti wa Kimarekani, Shirley Strum, alikuwa akiwachunguza nyani wa shamba hilo, na mwaka 1984, baada ya nyani kuzoea kuvamia mahindi ya wakulima wapya, alihamisha makundi yao hadi Laikipia. Vitabu na makala za kitaalamu vimeandikwa juu ya nyani hao: namna wanavyopatana, wanavyojifunza, wanavyoishi na wageni. Laiti watoto wa walowezi wapya weusi, waliokuwa wakijifunza mambo hayo hayo mahali hapo hapo katika lugha isiyo ya mama zao, wangalipata nusu ya usikivu huo.

Mwaka mmoja baada ya nyani kuhama, mambo yaligeuka darasani. Tume ya Mackay ya mwaka 1981 ilikuwa imependekeza mfumo mpya wa elimu na Kiswahili cha lazima. Mfumo wa 8-4-4 ukaanza Januari 1985, na mtihani wa kwanza wa KCPE mwaka huohuo ulikuwa na Kiswahili: karatasi ya lugha na insha. Mtihani wa kwanza wa KCSE ulipofanywa mwaka 1989, Kiswahili kilikuwa lazima huko pia. Ghafla kipindi kilichoazimwa na hesabu kikarudishwa. Vitabu vya mazoezi vikajaa madukani Nakuru, na mwalimu wa Kiswahili, ambaye jana alikuwa akipewa ulezi wa bustani ya shule, leo akawa mtu wa kuulizwa wastani wa maksi. Hatuwezi kukana kwamba badiliko hili lilifanya zaidi kuliko hotuba zote za miaka ishirini iliyotangulia. Bila hilo idara zetu zisingekuwa na wanafunzi, wala Ken Walibora na wenzake wasingepata kizazi kizima cha wasomaji mashuleni.

Lakini motisha ya manufaa hulipa kwa sarafu yake yenyewe. Kila aliyesahihisha insha za shule za msingi anaijua lugha ninayotaka kuitaja. Mtoto *hurauka alfajiri ya Mungu*, *jogoo la kwanza* likiwika. Jua *huchomoza kutoka matlai*. Yeye *hukoga, akaliza* kisha *huabiri gari*. Moyo humdunda *kama ngoma ya mganga*. Maneno hayo si mabaya. Mengine ni ya kale na mazuri, na yangepotea kama watoto wasingeyakariri. Tatizo ni kwamba mtoto wa Kikopey hutunga insha ya namna hiyo akiwa amekaa mita mia mbili kutoka jikoni penye moshi, kwenye mabishano ya bei, matusi ya makondakta na salamu za madereva kutoka Malaba, Kisumu na Mombasa, na hakuna hata neno moja la hayo linaloruhusiwa kuingia katika daftari lake. Amejifunza kwamba kuna Kiswahili cha maksi na Kiswahili cha watu. Cha kwanza anakiogopa, cha pili anakidharau. Lugha moja imetiwa katika vyungu viwili, na mwalimu anashangaa kwa nini mwanafunzi anasema Kiswahili ni kigumu ilhali anakizungumza tangu asubuhi.

Shule zenyewe zimeongeza chumvi kwenye kidonda. Desturi ya kumvika mtoto kibao kwa kosa la kusema lugha ya mama, aliyoisimulia Ngũgĩ wa Thiong'o katika *Decolonising the Mind* mwaka 1986, haikuisha na ukoloni. Na katika shule nyingi Kiswahili nacho kiliwekewa siku zake, siku nyingine mtoto akaadhibiwa kwa kukitumia. Lugha ambayo Jumatano ni somo na Alhamisi ni hatia haiwezi kupendwa kwa urahisi.

Kuna upande mwingine wa habari hii, nao ni mzito kuliko maksi. Katika nchi ya Nakuru fujo za kikabila zilizuka karibu na uchaguzi wa 1992, tena baada ya ule wa 1997, na vibaya zaidi baada ya ule wa Desemba 2007. Mwishoni mwa Januari 2008 watu waliuawa Nakuru na Naivasha, na Kikopey iko katikati ya miji hiyo. Katika siku za namna hiyo lugha ya mama humsaliti mtu; lafudhi peke yake hutosha kumtaja. Waliokua katika bonde hili wanajua thamani ya sentensi ya Kiswahili isiyoonyesha mtu ametoka wapi. Hapo ndipo, kwa fikira zangu, swali tulilouliza juu ya wenye lugha linapopata jibu lake la sasa. Mwanafunzi wa Kikopey hajifunzi Kiswahili ili awakaribie Waswahili wa pwani. Wanaokaribiwa ni jirani zake wa ng'ambo ya ua. Motisha ya ujamaa ipo, tena ina nguvu, ila Gardner na Lambert hawakuwa na mfano wake: jamii ya wasemaji ambayo haikuwapo kabla ya lugha, na ambayo yaundwa na tendo lenyewe la kujifunza. Katiba ya 2010 imekiita Kiswahili lugha ya taifa na kukifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini katika kibanda cha nyama mkataba huo ulikuwa umekwisha kutiwa sahihi zamani.

Nilipokuwa masomoni Marekani niliwakuta vijana weusi waliokuwa wakijifunza Kiswahili bila kutazamia kazi wala cheo. Hamu yao ilikuwa na mizizi katika harakati za miaka ya 1960, wakati Maulana Karenga alipoibuni sikukuu ya Kwanzaa mwaka 1966 na kuipa istilahi za Kiswahili. Wengi wao hawakuwa na mtu wa kuzungumza naye mitaani. Walikuwa na hamu, wakakosa wasemaji; wanafunzi wetu wana wasemaji kila upande. Sidai kwamba hamu ya Chicago yaweza kupandwa Gilgil, lakini inathibitisha kwamba mtu huweza kuvumilia hata ngeli zetu akijua anajifunza ili awe nani.

Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na mtaala wa umilisi unaotumika sasa unamtaka mwalimu atumie mazingira ya mtoto. Kauli hiyo imewapa walimu ruhusa ambayo wengi wao hawajui la kuifanyia. Mwalimu mwanafunzi mmoja niliyekwenda kumsimamia karibu na Kikopey alijaribu. Aliwatuma wanafunzi wake kukusanya maneno ya vibanda vya nyama na kuyaleta darasani, kisha akayaandika ubaoni: paja, ubavu, kilo na robo, makaa, kachumbari, ubao wa kukatia, mutura. Kwenye neno la mwisho kukazuka ubishi. Msichana mmoja alisema *mutura* ni Kikuyu na halistahili kuandikwa katika insha. Mvulana wa Kiturkana, ambaye nilikuwa nimeambiwa kuwa hasemi darasani, akasimama kumjibu kwamba yeye si Mkikuyu, nalo ni neno lake kwa kuwa hulila kila Jumamosi, na kama kuna neno la Kiswahili linalolizidi basi alitaje. Mwingine akataja *soseji*, darasa likacheka. Mwalimu aligeuka kunitazama mimi niliyekaa nyuma. Kabla sijafungua kinywa mvulana yule alikwisha kuanza kueleza, kwa Kiswahili chenye makosa ya ngeli na kisicho na kusita hata kidogo, jinsi utumbo unavyooshwa, unavyojazwa na kufungwa, na kengele ilipolia alikuwa bado hajafika penye moto.